Fulana Themanini na Sita

Meli ilifika Alhamisi,
wiki tatu baada ya Alhamisi yake.
Mimi Nesta Waiparo, muuguzi pekee
wa upande huu wa kusini mwa Malaita,
nilishuka gatini na orodha yangu:
dawa ya malaria, glavu, nyuzi za kushonea,
dripu kumi, betri moja ya redio.
Karani wa meli alinisainisha kabla sijafungua.
Katoni moja. Nyepesi. Imeandikwa AFYA
kwa mkono wa mtu mwenye haraka.
Ndani, fulana themanini na sita, za njano,
na kila moja kifuani ina uso wa Mheshimiwa.

Mwalimu Hedrick naye alikuwa na lake la kusubiri:
vitabu vya darasa la sita, na mshahara
ambao kwa kawaida huufuata mwenyewe Honiara,
siku mbili baharini, siku tano kwenye foleni,
na akirudi nauli imeshakula nusu,
na watoto wameshasahau kugawanya.
Humwambia, aliyegawanywa ni wewe.
Hacheki siku zote.
Safari hii alipata mabango. Mia mbili.
Akaligeuza moja, akalipapasa kama kitambaa dukani.
"Nesta," akasema, "nyuma ya ahadi ni peupe kabisa."
Tangu Jumatatu darasa la sita linaandikia hapo.

Mgeni siku ya tatu mpe jembe.
Huyu hajawahi kulala hata usiku mmoja,
jembe tungempa lini?
Mara ya mwisho alileta paneli ya sola ya zahanati.
Ikapigwa picha mlangoni kwangu,
kisha ikavuka ghuba, ikapanda paa la shemeji yake.
Usiku naiona taa ile.
Siwezi hata kuichukia vizuri:
mke wa shemeji ndiye anayenihifadhia chanjo
kwenye friji yake, kati ya samaki na bia,
na hajanidai kitu.

Jumamosi, saa nane usiku, wakamleta Ethelyn,
wamembeba kaka zake juu ya mlango walioung'oa.
Mtoto alikuwa njiani. Damu ilikuwa imeshatangulia.
Redio ilikufa tangu Pasaka.
Vijana wakapita nyumba kwa nyumba wakiomba petroli,
wakarudi nayo kwenye chupa za soda,
wakaimimina, wakaipima: lita sita.
Kufika hospitali ni kumi na tano.
Bibi mmoja alileta mafuta ya taa. Hakujua.
Tukamshukuru.

Basi tukabaki:
mikono yangu, tochi kinywani mwa Hedrick
(mtu wa hesabu, macho ameyafumba),
na Ethelyn akimtukana mumewe, kisha serikali,
kisha mimi, kwa sauti inayofifia.
Shashi iliisha. Nikaanza kuchana fulana.
Moja, tatu, saba. Uso baada ya uso ukilowa.
Sikuwa na hasira. Hasira inataka nafasi,
na chumba kile ni hatua nne kwa tano.
Ya kumi na moja haikulowa yote.
Damu ilikoma, au ilichoka, au Mungu.
Sikuandika sababu.

Msichana. Kilo mbili na robo.
Nikachukua fulana ya kumi na mbili,
nikaigeuza, uso ndani, nikamviringisha.
Kwa mara ya kwanza Mheshimiwa akamgusa mtu wa huku
bila mpiga picha.

Fomu ya mwezi ina safu tatu:
vifaa vilivyopokelewa, vilivyotumika, vilivyobaki.
Nilijaza: themanini na sita, kumi na mbili, sabini na nne.
Mahali pa jina la kifaa niliandika ukweli.

Jana barua imefika kutoka makao makuu, ina mhuri mbili.
Wananipongeza kwa matumizi mazuri,
na kwa kuwa bado nina akiba ya kutosha
wananiomba nisiagize chochote hadi mwakani.
Hedrick ameisoma mara mbili,
ameigeuza,
ameona nyuma yake ni peupe.