Mita Arobaini za Lami

Musembi alisoma mita za maji miaka thelathini na moja,
nyuma ya nyumba za watu, kwenye vijia vya mbwa na mabanda ya kuku,
akaujua mji huu kwa mgongo wake
kama mke anavyomjua mume aliyelala.

Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na mwavuli.
Akanunua daftari la hesabu, lile la visanduku,
akachora: kutoka Kawangware hadi miguuni pa Ngong,
njia isiyo na wa kukupigia honi.
"Palipopita bomba," alisema, "baiskeli haishindwi."

Tulikuwa watatu: yeye, mimi, na Nasieku
wa zamu ya usiku, wodi ya mifupa,
anayewajua kwa namba za vitanda
waliogongwa Ijumaa, waliogongwa Jumatatu.
Alifunga helmeti, akaifungua, akaifunga tena.
"Nionyeshe lami iko wapi."
Musembi akaweka kidole: mstari mmoja mwekundu,
mfupi kama uzi uliochomoka kwenye sweta.
"Baipasi. Mita arobaini. Tutashuka, tutembee."

Julai, na ukungu wake wa kukatwa kwa kisu.
Tukapita kati ya sukuma zilizolowa umande,
tukainama chini ya kamba za nguo;
mama mmoja, vibanio mdomoni, akatuuliza
tunakimbizwa na nani.
Hatukuwa na jibu. Musembi alipiga kengele tu,
akatazama, kwa mazoea, mita iliyo ukutani mwake.
"Inavuja," alimwambia.

Kisha baipasi.
Malori yalikuja mawili mawili, yakaivuta hewa kutoka vifuani mwetu.
Nasieku alikuwa ameshika breki
ya baiskeli asiyoipanda.
Tulingoja. Tukaendelea kungoja. Kukawa na mwanya,
tukavuka mbio, pedeli zikitugonga ugoko,
na upande wa pili mikaratusi
ikatufungia mlango.

Ndipo nikaisikia baiskeli yangu.
Miaka sita ninayo, sikujua kwamba inasema:
cheni ikinung'unika kwenye gia ya tatu,
tairi likitafuna majani makavu,
na nikiacha kukanyaga, ile tik-tik-tik ya nyuma
kama mtu anayehesabu sarafu gizani, bila haraka.
Barabarani nilikuwa nimepanda kitu bubu.

Baada ya msitu, udongo ukageuka, mwekundu ukawa mweusi.
Mlima wenyewe hatukuupanda, msije mkasema.
Vifundo vile vinne vya ngumi tuliviacha juu na mitambo yao ya upepo,
sisi tukazungukia chini, kwenye njia za ng'ombe,
panda kidogo, shuka kidogo,
mapaja yakiwaka, masikio yakipoa.
Cheni ilinitoka mara mbili. Mara ya pili nilitukana kwa Kikamba
na Musembi akacheka hadi akaketi.

Tulikunywa chai ya chupa kwenye mteremko.
Nasieku alijilaza nyasini, "dakika mbili tu,"
akalala.
Alilala mdomo wazi, helmeti kichwani,
jua likamtoka usoni likamfika magotini,
ng'ombe wakaja wakamnusa viatu, wakaondoka.
Mchungaji, kijana wa koti la shule, alitaka kuuliza kitu;
Musembi akaweka kidole midomoni.
Hakuna simu iliyolia. Hakuna aliyeletwa kwa machela.
Saa mbili na nusu.

Kurudi, baipasi ilikuwa imewasha taa.
Safari hii alitangulia yeye, akitembea, hakukimbia,
mkono mmoja umeinuliwa kwa malori
kama anayeyaamuru yangoje nje ya wodi.

Usiku, kwangu, Musembi alifungua daftari
akajaza kama alivyozoea:
usomaji wa awali, usomaji wa sasa,
zilizotumika: kilomita thelathini na nne.
Kando ya uzi mwekundu akasahihisha: hatua hamsini na tatu.
Nasieku akaomba kalamu.
Akaandika chini, kwa mwandiko wa chati za hospitali:
*Amelala vizuri. Hakuomba dawa.*