Meza ya Kuonjea

Vikombe mia na ishirini, vyeupe, vimejipanga
kama meno ya mtu anayengoja useme upuuzi.
Ndiyo Shimanzi yangu hiyo, ghorofa ya juu ya ghala la chai,
saa mbili asubuhi, na joto limeshapanda ngazi kabla yetu.

Mwakio huanza. Fyuu! Kisha pwa, ndani ya ndoo.
Halafu Bi Salha. Halafu Devani mdogo.
Halafu mimi, Umazi, mwezi wa tatu kazini,
na kijiko kinachong'aa kuliko mwenye nacho.

Siku ile nilisema, kwa sauti ya cheti kipya:
"Fungu hili bovu. Na lile.
Na yote mpaka mwisho wa meza."
Hakuna aliyejibu. Heri wangecheka.
Mwakio akasogea kikombe kimoja mbele,
"Andika," akasema. Alimwambia karani, si mimi.
Neno langu likabaki pale linapoa,
likafanya utando.

Jioni, Kisauni, nikamenya muhogo kwa hasira.
Nyale, mdogo wangu, wa darasa la saba,
akauliza bila kuinua macho kwenye simu:
"Kwani hao wenyewe wakienda kwao hunywa chai gani?"

Sikujua.
Miezi mitatu bega kwa bega, sikujua.

Basi nikauliza. Mmoja mmoja, pasipo haraka.
Mwakio hanywi chai kabisa: maji moto na ndimu.
Devani hunywa ya jana, baridi, kwenye gari.
Bi Salha, mwenye ulimi unaotambua mlima kwa mlima,
hunywa ya maziwa, iliki, sukari vijiko vitatu,
na akaniapisha nisimwambie mtu.
(Nimekwambia wewe tu.)

Nikaanza kufika mapema, kabla ya vikombe.
Nikamkuta Chengo, mchemsha maji,
miaka kumi na mmoja baina ya birika mbili.
"Hili la pili," akasema, "bomba likikauka
hujazwa maji ya kisima. Kuanzia kikombe cha sitini
chai yote huwa bubu.
Nliwahi kusema. Nani amsikilize mwenye birika?"

Nikaonja maji matupu. Huku. Na huku.
Chumvi, nyembamba kama uzi wa sindano.
Kumbe majani hayakuwa na kosa.
Nilikuwa nimesikia kweli, nikaisema uongo.

Wiki nzima niliuweka ulimi ndani,
mimi ninayelipwa kwa ulimi.

Ijumaa nikatenga vikombe viwili, jani moja, birika mbili.
"Chengo ndiye aliyenionyesha," nikasema,
basi, nikarudi nyuma hatua moja.
Mwakio akaonja. Akaonja tena.
Hakuniambia umepatia.
Akageukia mlangoni, alikosimama Chengo
na taulo begani:
"Tangu lini?"
Na meza nzima ikageuka naye,
vichwa ambavyo kelele yangu haikuvigeuza hata kimoja.

Usidhani nilishinda.
Jumatatu yake nikasifu jani lenye ukungu.
Bi Salha akanisukumia kikombe, "Nusa."
Nikanusa. "Nimekosea," nikasema,
akanitazama kama mtu aliyerudishiwa
pesa alizokwisha kuzisahau.

Sasa ni mwezi wa kumi na moja. Bado ni wa nne mezani.
Kijiko kimeanza kufubaa, alhamdulillahi.
Ila kati ya pwa ya Devani na kalamu ya karani
pameingia kijinafasi, hakitoshi hata mpini wa kijiko,
na humo Mwakio hunitupia jicho.

Siku nyingi sina la kuongeza.
Naitikia kwa kichwa. Kalamu inashuka.
Chengo anamimina.