Gramu Arobaini

Kwenye bucha ya Mosonik, nyuma ya soko,
nilizilaza raketi mbili juu ya mizani ya nyama,
moja baada ya nyingine, kwenye karatasi safi.
Ya zamani: gramu mia tatu na arobaini.
Mpya: mia tatu kamili.
Mosonik akafuta kisu kwenye aproni, akasema,
"Tofauti ni mfupa tu, mama.
Sasa wewe unataka steki ama unataka supu?"

Shingoni zote mbili zina jina lilelile.
Kampuni inaapa ni raketi ileile, toleo la tisa,
kichwa kimepanuliwa kidogo, uzito umepunguzwa kidogo,
kama mtu aliyetoka hospitali
watu wa nyumbani wakamwambia, umependeza.

Ya zamani nimeishika miaka kumi na saba.
Rangi imebanduka pale inapokwaruza udongo,
mpini umekunywa jasho langu hadi ukawa mweusi
na una kibonde mahali pa kidole gumba
kisichomfaa mtu mwingine yeyote Nakuru nzima.
Nayo haisamehe. Nikichelewa nusu hatua
inautupa mpira wavuni, inanyamaza.
Nilipokuwa na miaka thelathini nilipenda hivyo.

Mpya inasamehe. Hilo ndilo linaloniudhi.
Huku juu hewa ni nyepesi, mpira unapaa
kana kwamba umeitwa na Menengai,
napiga vibaya, nafumba macho,
unaangukia ndani ya mstari.
Nyokabi ng'ambo ya wavu anapaza sauti, "Safi!"
Najua haukuwa safi.
Ilikuwa huruma.

Nikampelekea Kidiavai, mfuma nyuzi,
pale barazani anapogawana kivuli na fundi viatu.
Akazipiga zote mbili kwa kiganja, akasikiliza.
"Usiache mbachao kwa msala upitao."
Mkewe, anahesabu sarafu, hakuinua kichwa:
"Kipya kinyemi."
"Malizia basi. Ingawa kidonda."
"Kidonda anacho tayari," akasema mama yule,
"hebu tazama anavyolibeba hilo bega."

Nikaondoka bila kujibu,
nikaenda gereji, kule wanakosawazisha magurudumu,
nikaomba vile vipande vya risasi vyenye gundi,
gramu tano tano, vinane.
"Gari gani?" akauliza kijana.
Nikamwonyesha.
Alicheka hadi spana ikamponyoka.

Viwili nikavibandika saa tatu ya kichwa, viwili saa tisa,
vinne nikavificha mpinini chini ya ukanda.
Mpya ikawa nzito kama mwenzake.
Jumamosi mkono wangu ulidanganyika seti nzima,
ulifika nyumbani ukiamini umecheza na wa siku zote.

Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi,
mshahara ukiingia na kodi ikitoka,
nabandua kipande kimoja.
Februari sikuhisi kitu.
Aprili nilipoteza mechi mbili kwa kurusha mbali mno,
nikakirudisha usiku, nikakitoa tena asubuhi,
kwa aibu, mlango umefungwa.
Kufikia Julai bega lilianza kulala.
Niliamka siku moja nimelilalia, nikashangaa
kama anayeamka kitandani mwa wageni.

Ya zamani iko nyuma ya mlango wa chumbani.
Nimezikata nyuzi zake zote kwa makasi,
kuanzia katikati kwenda pembeni, jinsi Kidiavai alivyonifundisha,
ili fremu isivutwe mchana na usiku
na mchezo usiokuja.
Nikifungua dirisha, upepo unapita ndani yake
bila kugongana na chochote.

Jana nilipitia kwa Mosonik kununua nyama.
Akaiona begani, akanyoosha mkono, akaipima.
Mia tatu na tano.
"Hiyo tano imebaki ya nini?
Mkono wako hata hauijui tena."
"Haujui," nikasema.
"Lakini huo ndio mfupa. Uache."