Vya Kabati la Mama

Kamati imeandika jina langu: elfu hamsini.
Mama Kokusima, mwenyekiti, ana kalamu isiyosahau.
Sare ni kitenge cha zambarau,
nimeshonewa kwa deni.
Imebaki zawadi.

Wenzangu watabeba jiko la gesi, friji dogo,
seti za vyombo zilizofungwa utepe,
maboksi ya Kariakoo yanayonuka nailoni.
Mimi nimefungua kabati la marehemu mama
hapa Mtoni, saa nne usiku, umeme umekatika,
tochi ya simu nimeibana kwa kidevu.

Sahani kubwa ya pilau, ua la buluu katikati,
ukingo umemeguka
pale ilipomponyoka mtoto mmoja kwenye karo.
Sahani ya wastani, iliyobaki pekee katika sita.
Kisosi kilichofiwa na kikombe.
Kikombe kilichokatika mkono
siku ile maji ya mto yalipoingia ndani bila hodi,
mama akapanga vyombo kwenye beseni,
akalitia kichwani,
akaliacha godoro.
Mpaka leo sijui hesabu ile aliipigaje.

Asubuhi nimo Gerezani, kwa fundi Shebughe.
Keekee yake imezoea mabati na mageti.
“Dada, hii sahani.”
“Naiona.”
“Ikipasuka?”
“Fundi, ilishaanza kupasuka zamani. Wewe toboa.”

Akaniwekea kopo la maji mkononi:
nidondoshe, tone, tone,
chombo kisishike moto.
Unga mweupe ukatoka katikati ya ua,
ukatiririka kama uji mwepesi.
Nikashika pumzi. Ua likapokea tundu, likanyamaza.
Sahani ya wastani ikapita.
Kikombe kikapita, kimepinduliwa, kitako juu.
Kisosi kikasema *ta!*
kikawa viwili.

Fundi hakunitazama. Alikata bei buku mbili.

Basi nikarudi kabatini.
Nikapata kifuniko cha bakuli la sukari,
bakuli lenyewe siku nyingi halipo.
Chuma chembamba chenye hesi kikapenya vyote:
pilau chini, kikombe kiuno,
sahani ya wastani begani,
kifuniko juu kama kofia ya mzee wa Ijumaa.
Ukingo uliomeguka nikaupiga msasa
hadi kidole cha shahada kikapita bila damu.
Nikapanga visheti, ngazi mbili,
nikafunika kwa khanga. Hiyo ndiyo karatasi yangu ya zawadi.

Ukumbini, Tandika, msema chochote anapaza sauti:
“Vyombo kabatini havikosi kugongana!”
Wanawake wanaitikia, vigelegele.
Kila sherehe wanatuambia vitagongana.
Hakuna aliyewahi kushika kipaza sauti
akasema vikishagongana unavifanyaje,
gundi inauzwa wapi,
kipi kinapigwa msasa, kipi kinazikwa jalalani.

Zawadi zikasomwa. Friji likapigiwa makofi mpaka viti vikalia.
Langu likafunuliwa, ukumbi ukapoa kidogo.
Mama Kokusima akavaa miwani.
Mtu nyuma akanong'ona, “Ni vile vya kizamani?”
mwenzake akamjibu, “Ni vibovu.”

Siwema, bibi harusi, macho chini
kama alivyofundishwa,
akainua macho.
Miaka minne mama yake aliingia zamu za usiku kiwandani,
na mtoto akala kwetu, akalala kwetu,
akaosha vyombo kwetu juu ya kigoda
kwa sababu karo lilimzidi kimo.
Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo,
polepole, akitafuta,
akakuta pale.

“Hapakati tena,” akasema.
“Nimepiga msasa.”

Akala kisheti kimoja mbele ya watu wote,
kabla ya keki, kabla ya ratiba,
chenga zikamwagikia nguo ya kukodi.

Kimeinama kidogo upande wa kushoto, nilimwambia.
Ukifika kwako kiegemeze ukutani.