Sisimizi Walitangulia Kujua

Sisimizi walijua kabla ya daktari.
Walipanga foleni ukutani mwa choo chetu,
Barabara ya Kumi na Saba, Ngamiani,
wakiingia kwa adabu kama wageni wa hitima.
Mama akamwaga majivu, akamwaga mafuta ya taa,
akauliza, "Nani kamwaga shira humu?"

Hakuna aliyemwaga. Ilikuwa mimi.

Mwezi ule nilikunywa maji kama mchanga.
Nikimaliza ndoo, kiu inaniuliza ya pili iko wapi.
Sketi ya shule ikanipwaya, nikaibana kwa pini,
wenzangu wakasifia: "Mwanamkasi, umepungua! Tupe siri."
Siri sikuwa nayo. Usiku niliamka mara nne,
mara tano, nikipapasa ndala gizani.

Siku ya jaribio la Jiografia
kontua za ramani zikaanza kuogelea.
Nilizindukia Bombo, dripu mkononi,
na nesi mmoja, Bi Semboja,
sauti yake kavu kama chaki, macho yake sivyo,
akasema, "Binti, ni sukari."

Lugha yetu hii!
Mpenzi ni sukari, maneno mazuri sukari,
"sukari yangu," babu aliniita nikimkanda miguu.
Leo neno lilelile linatamkwa
kama jina la mwizi wa mtaa.

Mama alikaa sakafuni, kiti akakikataa.
Mama anauza kaimati. Kila alfajiri
karai lake linachacharika pale kona,
iliki inapanda hadi madirisha ya watu,
na kila daftari langu, kila kiatu,
kilitoka ndani ya karai lile.
"Nimemlisha mwanangu maradhi," alisema, "kwa mkono huu."

Nesi akachutama naye.
"Hapana, mama. Hii yake haikuletwa na kaimati.
Kongosho lake limefunga duka, basi.
Ipo nyingine, ya kunyatia,
inayopenda soda za kila siku, chipsi za usiku, na kukaa tu.
Zamani ilibisha hodi kwa wazee. Siku hizi haichagui.
Hiyo ndiyo ya kuwekea komeo mapema."
Halafu kwangu: "Kosa huna. Kazi unayo."

Kazi yenyewe:
sindano ya tumbo kabla ya kula, leo kulia, kesho kushoto;
tone la damu kwenye kidole cha pete,
maana hicho sishikii kalamu.
Insulini inalala kwenye chungu kidogo
ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga ulioloa,
kwa kuwa friji hatuna
na Februari ya Tanga haina utani.
Na pipi mfukoni. Ndiyo, pipi,
kwa saa ile sukari inaposhuka, mikono ikatetemeka.
Darasani walicheka. Nikawaacha wacheke,
kisha nikawaonyesha mfuko wenyewe ni upi.

Mchunga, niliokuwa nikiuficha chini ya mkeka,
sasa naula. Uchungu wake umekuwa jirani,
hatupendani sana lakini tunasalimiana.
Dona kiasi cha ngumi yangu, si ngumi ya kaka Mbaruku.
Dagaa. Kunde. Chungwa la Muheza
la kutafuna, si la kukamua.

Kaimati bado zinauzwa; kodi haijui kisukari.
Ila pembeni mama ameweka sufuria ya choroko
na matango yaliyokatwa.
Wiki ya kwanza hakununua mtu, tukala wenyewe.
Ya pili akaja fundi baiskeli,
akaonja, akasema chumvi imepungua,
akaongezwa ndimu, akalipa.
Mbaruku naye amebaki na soda ya Ijumaa.
Analalamika, lakini ile ngazi ya msikiti
anaipanda siku hizi bila kuhema.

Jana nilitazama ukuta wa choo.
Sisimizi mmoja tu.
Alisimama, akanusa,
akageuka alikotoka.