Safu ya Saba

Kazi yangu ni kujaza jedwali.
Ghorofa ya chini, hospitali moja ya Milwaukee,
ukuta mmoja na chumba cha kufulia mashuka,
kwa hiyo tarakimu zangu zote zinanuka sabuni.
Umri. Jinsia. Rangi. Saratani ya wapi.
Kirusi kilipimwa lini, dawa ilitolewa lini.
Safu ya saba ni matokeo:
moja, amepona; mbili, hakupona.
Mkono hauulizi. Mkono unaandika.

Februari nikafika mstari wa mia mbili na kumi na nne:
mwanamke, sitini na nane, mweusi, saratani ya uboho.
Jedwali halina majina.
Lakini mtaa ulikuwa wetu,
na tarehe ilikuwa ya theluji ile
iliyolifukia gari la shangazi Ozella hadi vioo.

Alipanda mabasi mawili na homa yake.
Kucha alikuwa kazipaka zambarau usiku uliotangulia,
maana hospitali, alisema, huendi kama kitu kilichookotwa.
Muuguzi akafuta rangi kwenye kidole kimoja,
akakibana kwa kile kidude chenye taa nyekundu.
Tisini na tano, kikasema kidude.
Midomo ya shangazi ilikuwa imeshapauka kama jivu la jana,
lakini hilo uliona tu
kama umekulia na nyuso kama zetu mezani.
Kidude hakikukulia nasi.
Nenda nyumbani, mama, kunywa maji mengi.

Kidole kimoja hakivunji chawa.
Kidole kimoja kilitosha kumrudisha mtu kwenye theluji.

Kiti cha jirani yake, kila Jumanne ya dripu,
kilikuwa cha Bi Marlys Dorn wa ng'ambo ya mto.
Walibadilishana peremende na masengenyo ya wauguzi.
Saratani ileile, kirusi kilekile, wiki ileile.
Bi Marlys daktari alimpigia mwenyewe, usiku,
na dawa ikamfikia siku ya pili.
Shangazi ilimfikia siku ya saba,
ndani ya pakiti iliyoandikwa
ianze kutumika kabla ya siku ya tano kwisha.

Nilikuwepo kwenye kikao daktari kijana alipoonyesha grafu.
Mistari miwili ilianza pamoja kama watoto wa shule,
kisha mmoja ukaanza kushuka ngazi.
Pengine ni kisukari, alisema. Pengine presha.
Pengine hawa huchelewa kuja.
Huchelewa.
Simu yake ya tatu ilidumu dakika arobaini na moja,
na dakika arobaini kati ya hizo zilikuwa kinanda.
Wahenga walisema ngojangoja huumiza matumbo;
hawakufika kwenye mapafu.
Nilitaka kusimama. Nikahesabu vikombe vya kahawa mezani.
Vilikuwa kumi na viwili. Kimoja kilikuwa changu.

Tulimzika na kucha tisa za zambarau.
Dada yangu alitafuta chupa ile ya rangi nyumba nzima,
hadi ndani ya jokofu, asiione.
Bi Marlys alikuja na kofia ya sufu,
aliyoifuma kwa ajili ya kichwa kile kisicho na nywele,
akaizungusha mikononi, akakosa pa kuiweka,
akanipa mimi.
Nilitaka kumchukia, ingekuwa rahisi.
Tuliishia kula keki ya limau pamoja, kimya,
yeye akikohoa kidogo, akiniomba radhi kwa kukohoa.

Jumatatu nilirudi kwenye mstari wa mia mbili na kumi na nne.
Safu ya saba ilikuwa bado tupu, inapepesa.
Niliandika mbili.
Ilikubali upesi, kama kawaida yake.

Jioni nikanunua kidude kama kile, duka la dawa, dola ishirini.
Nikakaa kitandani na kofia ya sufu kichwani,
nikatia kidole.
Tisini na nane, kikasema.
Nikakiuliza: za nani?