Kiganja Kitupu

Februari, Tartu. Theluji imefika kizingiti cha dirisha
nami nahesabu glavu.
Si glavu zenyewe: hizo zimelala kwenye droo za makumbusho,
zinanuka dawa ya nondo.
Nahesabu vivuli vyake katika faili la XML,
elementi elfu tatu mia moja na kumi na mbili,
kila moja na sifa iitwayo usharika.

Leelo alileta orodha Jumatatu, karatasi moja tu:
"Hizi ndizo sharika zinazoruhusiwa. Nyingine zisionekane."
Akaenda kunywa kahawa.

Ningeweza kuisimamisha kila glavu mbele ya kila jina,
ndiwe? ndiwe?
kama bawabu kipofu apapasaye nyuso za wageni wa arusi.
Nikachonga ufunguo.
Ufunguo haupapasi. Unautajia thamani,
unakupa kilichomo,
au unakupa kiganja kitupu.
Na kwa wa kiganja kitupu niliandika kiolezo kisicho na neno ndani:
aangukiaye humo, ameanguka.

Nikaendesha.
Ukurasa mweupe. Hata za Karula, hata za Urvaste,
zote zimekwenda, na mashine haikunung'unika.

Siku mbili nilidondosha makombo ya mkate mweusi kwenye kibodi
kabla sijang'amua: ufunguo hufungua nyumba uliyomo.
Nilikuwa nimesimama nyumbani kwa glavu
nikitikisa kitasa cha orodha, iliyo faili jingine, ng'ambo ya uwanja.
Kwanza shika jina la usharika,
lifunge ndani ya kigeu (ambacho katika XSLT, ajabu, hakigeuki)
kama senti kwenye pindo la nguo.
Kisha vuka, ingia kwenye orodha, ukaulize huko.
Ukivuka mikono mitupu, neno "hapa" limeshahama,
nawe hukumbuki umetumwa na nani.

Alhamisi usiku zikarudi, wimbi la sufu.
Mia mbili bado zilikosekana:
nafasi moja tupu baada ya jina,
kidole gumba cha marehemu Heino
kikipumzika kila alipomaliza kuandika.
Nikazipangusa. Zikaingia.

Ikabaki moja.
Ya kushoto, ya kijivu, gumba limeshonwa upya kwa uzi mwekundu.
Otsaküla. Herufi zote sahihi, nafasi hakuna.
Leelo hakuinua macho: "Huo haukuwa usharika.
Zilikuwa nyumba nne na kinu."

Orodha si yangu. Sikuongeza mstari.
Ila kile kiolezo kitupu sikukiacha kitupu:
nilitia ndani yake maelezo, yale ambayo kivinjari hakiyaonyeshi,
*hapa palikuwa na glavu.*

Mgeni wa makumbusho hatayaona.
Nikavaa zangu, za dukani,
nikatafuta mfukoni ufunguo wa mlango wa nje,
na vidole vya sufu, kama kawaida, havikuushika.